Kila Asubuhi Anamuulizia Chiriku

Nyumba Namba Sita, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Wifi yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetupa na siku ya leo. Hujambo? Shemeji hajambo? Vile vidonge vya goti vimekusaidia, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyoniambia? Na baridi ya huko imeshaanza? Mungu akufunike, maana mimi nikisikia tu habari za baridi hiyo meno yananigongana.

Picha ya mapacha imefika salama. Nilimwonyesha kaka yako. Akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Vijana hawa ni wa nani? Mbona wana pua ya Dada?" Nikamwambia ndio wapwa zake wale wale aliokuwa akiwabeba mabegani. Akacheka sana. Akasema mapacha wa Dada hata meno ya mbele hawana, hawa wana masharubu yanayochungulia, nisimfanyie mzaha asubuhi yote hii.

Sisi huku tunakwenda. Mimi ni mgongo tu, si unajua kazi ya dobi, kutwa umesimama kwenye pasi ya mvuke kama mlinzi wa benki. Yeye anakula vizuri, analala vizuri, ameota mashavu. Ukimwona kwa mbali utasema yeye ndiye mzima na sisi ndio wagonjwa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Nikisikia sauti yako nalia, ukinisikia nalia nawe unalia, tunamaliza salio letu bila kuambiana neno. Tena nikiongea na simu kaka yako yupo pale pale anasikiliza, na mengi ninayotaka kukwambia hayasemeki mbele yake. Sasa hivi amelala kidogo baada ya ibada. Bibi Redio wa chini, yule jirani mjane ambaye redio yake haizimwi tangu asubuhi, yuko naye sebuleni. Mimi niko jikoni, nimefunga mlango.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu ile simu ya mwezi uliopita. Wifi, usijilaumu. Najua umekuwa ukijilaumu, kwa sababu tangu siku ile unatuma salamu kwa ujumbe tu, hupigi. Ulimwambia ndugu yako kama dada yeyote ambavyo angemwambia: "Pole mdogo wangu, Mungu aliyemchukua Chiriku atakuinua na wewe." Ungejuaje kwamba hajui? Mimi ndiye niliyekuficha. Kila ulipouliza nilisema anaendelea vizuri, anasahausahau tu. Haikuwa kusahausahau. Nitakueleza yote leo, na pia kilichotokea baada ya simu ile kukatika, kwa sababu ninataka uje Desemba ukiwa unajua unakuja kwenye nyumba ya namna gani.

Unajua jinsi alivyoanguka. Walikuwa wakipaka rangi ngazi za jengo moja la ofisi, yeye yuko juu ya jukwaa anamalizia dari. Ubao mmoja ukateleza. Fundi mwenzake anasema hakupiga hata kelele. Alianguka na ndoo ya rangi nyeupe, na walipomfikisha hospitali manesi hawakuweza kujua haraka damu inatoka wapi kwa jinsi alivyokuwa mweupe mwili mzima.

Alilala bila kujitambua kwa wiki nyingi. Nilikaa pale kitandani nikimsafisha kucha, nikiitoa rangi ile kidogo kidogo. Asubuhi moja akafungua macho, akanitazama, midomo imekauka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Chiriku amekula?"

Nilitoka nje kwenye korido.

Daktari alinieleza kwa upole. Alisema ubongo umeumia mahali panapotunza kumbukumbu. Miaka kadhaa kabla ya ajali imefutika yote, na mapya hayashiki. Unamwambia jambo sasa, kesho halipo, pengine hata jioni halipo. Ya zamani yamesalia. Anakujua wewe, ananijua mimi, anajua nyimbo zote za kwaya na sauti yake ya besi haijapungua. Anajua kuchanganya rangi. Ila kwake yeye, mtoto wetu yuko darasa la pili na leo ni siku ya shule.

Wifi, wewe ndiye uliyempa mtoto yule jina la Chiriku, kwa vile alivyokuwa hanyamazi tangu alipojua kutamka. Mtaa mzima ukalishika, tukawa Baba Chiriku na Mama Chiriku. Sasa fikiria jina hilo linaitwa kila asubuhi katika nyumba ambayo mwenye jina tulimzika.

Asubuhi zetu ziko hivi. Anaamka, anakwenda kwenye beseni la kunawia, anajitazama kwenye kioo na kushangaa ndevu zake. "Mama Chiriku, mvi hizi zimeingia lini?" Siku moja nilimwambia ni chokaa, akazisugua kwa sabuni mpaka kidevu kikawa chekundu, tukacheka. Kisha anakaa mezani, anavuta kikombe cha chai, anageuza shingo kuelekea mlango wa chumba kidogo, anauliza, "Chiriku ameamka?"

Mwanzoni nilimwambia ukweli. Niliona ni haki yake. Wifi, siwezi kukuandikia jinsi alivyolia. Alianguka kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima yule, akikamata miguu ya meza. Ikifika mchana ameshasahau, lakini mwili wake haujasahau, unamwona amekaa mnyonge, macho yamevimba, anakuuliza, "Kwani nimelia? Nani amefariki?" Kesho yake asubuhi anauliza tena, nami namwambia tena, naye anaanguka tena. Nikaona ninamuua mtoto yule upya kila siku kabla ya chai.

Nikaacha. Nikaanza kusema, "Yuko shule." Uso wake ulivyong'aa nilijuta kwa nini sikuanza na hilo. Lakini nao uongo una njaa yake. Ikifika saa ya watoto kutoka shule anasimama dirishani, anawaangalia wale wenye sare wanavyopita chini, mmoja mmoja. Wakiisha kupita wote, anaanza kutafuta viatu. Siku moja mimi niko kazini, Bibi Redio alikwenda kuanika nguo, kurudi hayupo. Alimkuta kwenye geti la shule akibishana na askari. Hakuwa na fujo. Alikuwa ameshika sweta dogo la pinki, akimwambia yule askari kwamba mvua inakuja na binti yake amesahau sweta, amwite tu atoke mara moja. Askari alikuwa anamjua. Alikuwepo mazishini. Bibi Redio anasema yule baba mwenye rungu alikuwa amegeukia ukuta.

Basi sikujua niseme nini. Ukweli unamwangusha, uongo unamtoa barabarani. Nikamwita mchungaji.

Alikuja, akanywa chai, akapiga soga na kaka yako kuhusu rangi ya paa la kanisa. Alipotoka nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi, nikamuuliza, "Mchungaji, ni dhambi nikimdanganya?"

Akasema, "Sijui, mama. Nikikwambia ninajua, nitakuwa na mimi nakudanganya."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na papo hapo nikamkasirikia. Nilitaka mtu anayejua. Akashuka ngazi mbili, akasimama. "Na wewe mwenyewe," akauliza, "unaamini Chiriku yuko wapi?"

Nikamjibu haraka kama mtoto wa darasa la kipaimara, "Yuko kwa Bwana."

Akatikisa kichwa, akaniaga.

Nilibeba swali lile mpaka kazini. Niko na shati la mteja kwenye meza, ninanyoosha kola, na nikaona kwamba jibu lile silijui kabisa. Nililisema mazishini, nimelisema kanisani kila Jumapili mbele za watu nikiwa nimesimama wima. Nyumbani kwangu sijawahi kulisema. Nyumbani Chiriku hakuwa kwa Bwana. Nyumbani Chiriku alikuwa kwenye jioni ile moja, hakutoka hapo, na mimi nilikuwa nimekaa naye humo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hukulijua, Wifi. Nivumilie.

Jioni Chiriku aliposhikwa na homa, kaka yako alimgusa paji la uso, akasema, "Ni homa tu, tusubiri kukuche." Alfajiri tulimkimbiza. Yeye ndiye aliyembeba, hakutaka hata nimsaidie. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari wa zamu, kijana tu, alisema huku akiandika, bila hata kunyanyua uso, "Mngewahi kidogo." Maneno mawili. Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki nayo.

Kuanzia hapo tuliishi kama wapangaji wawili. Chakula nilipika, ovaroli zake nilifua, kanisani tuliketi benchi moja. Lakini sikumwita tena Baba Chiriku. Nilimwita "wewe". "Wewe, chakula tayari." "Wewe, kuna mtu mlangoni." Nikahamia chumba cha mtoto, nikisema mgongo wangu unataka godoro gumu. Aliniomba msamaha si mara moja. Nilimwambia yamekwisha, na wote wawili tulijua hayajaisha. Kila nikipiga magoti kuomba, jioni ile inakuja, namwona anavyoondoa mkono kwenye paji la uso, nasikia "tusubiri kukuche". Naomba nikiwa nimeuma meno. Hivyo ndivyo tulivyoishi hadi siku alipopanda jukwaa lile.

Sasa nielewe. Hospitali hawakunirudishia mtu yule niliyekuwa naye. Walinirudishia mume wangu wa zamani. Yule mcheshi, anayenipiga kibao cha mgongo nikipita, anayeniimbia nikiwa nakosha vyombo. Anaamka kila siku hana kosa lolote. Amefutiwa. Mimi ndiye ambaye sikufutiwa. Kosa alilolifanya yeye nimebaki nalo mimi peke yangu, na hata nikitaka kumsuta, nitamsuta nani? Mtu huyu hajui. Kuna siku nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Nilimtazama akila mkate huku anapiga mluzi, nikasema moyoni, Bwana, mbona yeye umempumzisha na mimi umeniacha?

Ndio hali ilivyokuwa siku ulipopiga.

Nilikuwa nakamua nguo. Kaka yako ndiye aliyepokea simu, spika imewashwa. Nikasikia unasema maneno yale, nikakimbia na maji mikononi, nikachelewa. Yeye akaiweka simu chini taratibu, wewe ukawa unasema "halo, halo". Nikakata. Nisamehe kwa hilo.

Akanitazama. "Dada anasema Chiriku amechukuliwa. Amechukuliwa na nani?"

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, magoti yetu yanagusana. Nikamwambia. Safari hii hakuanguka. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimekaa, siku zile za kwanza nilikuwa namwambia nikiwa nimesimama na sufuria mkononi, nataka yapite. Alilia kimya kimya, machozi yanatiririka tu yanaingia kwenye ndevu. Kisha akaanza kuuliza.

"Aliumwa nini?"

"Homa ya uti wa mgongo."

"Tulimpeleka hospitali?"

"Tulimpeleka. Wewe ndiye uliyembeba."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba mikono itamkumbusha. Halafu akaniuliza, Wifi, kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa, "Tulichelewa?"

Nikwambie kweli, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tayari kwa miaka, nimelifua na kulinyoosha. Wewe ulichelewa. Wewe ulisema tusubiri. Aliyestahili kuambiwa alikuwa mbele yangu, macho wazi, ananiuliza mwenyewe. Ningelisema, ningetua mzigo. Na kesho asingelikumbuka, kwa hiyo nisingekuwa nimemwumiza hata kwa siku mbili. Shetani hakosi hoja.

Nikafungua mdomo. Nikamwona amekaa vile, shati amefunga vifungo kombo, anasubiri. Na jioni ile ikaja tena kama kawaida yake, ila mara hii nikaona na upande ambao siku zote sikuutazama. Nilijiona mimi. Nilikuwepo. Nimekaa upande wa pili wa kitanda kile kile, nina miguu miwili, nina sauti. Nami nilisubiri kukuche. Niliona ni homa tu, kama yeye, kwa sababu kila mzazi anapenda iwe homa tu. Hakuna aliyempenda mtoto yule pungufu kuliko mwenzake.

"Tulichelewa," nikamwambia. "Mimi na wewe. Hatukujua."

Ni herufi moja tu, Wifi. Miaka yote nilisema "ulichelewa". Siku ile nikasema "tulichelewa", na kifua changu kikafanya kama mlango wa kabati uliokwama unapofunguka, na vitu vyote vikaniangukia. Nililia mpaka Bibi Redio akapanda juu kuuliza kuna nini. Alipotuona alirudi chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akazima redio.

Akaniambia, "Nisamehe, Mama Chiriku."

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba Chiriku. Na mimi unisamehe."

Akasema, "Mimi sina neno na wewe." Naye hakuwa nalo kweli.

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Tuliomba pamoja, yeye ndiye aliyeomba, maneno machache, alimshukuru Mungu kwa mtoto tuliyepewa na akamwomba atutunze sisi tuliobaki. Nilisema amina nikiwa na maana yake.

Ilipofika jioni alikuwa ameshasahau. Alinikuta nahamisha shuka zangu kutoka chumba kidogo kuzirudisha chumbani kwetu. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikamwambia, "Nilikuwa safari." Akasogea ukutani, akapiga piga mto, akasema, "Karibu tena nyumbani. Mbona hukuniaga?" Nilicheka huku nalia, naye akacheka kwa kunifuata tu, bila kujua tunacheka nini.

Nilidhani yamekwisha siku ile. Asubuhi akanawa, akashangaa mvi, akavuta kikombe, akageuza shingo. "Chiriku ameamka?"

Ndipo nilipoelewa kwamba msamaha niliompa jana haukubaki kwake. Haukuwa na mahali pa kukaa. Ukweli niliomwambia, machozi tuliyolia, maombi yake, yote yamekwenda, na mimi peke yangu ndiye ninayeyajua. Ilibidi nianze tena, hapo hapo, kabla ya kuvaa viatu vya kazini. Na kesho tena. Watu kanisani husema acha ya kale, songa mbele, husema kana kwamba unavuka barabara mara moja na kufika upande wa pili. Kwangu mimi haikuwa hivyo. Mimi naivuka kila siku, na kila siku ninaamkia upande ule ule.

Sasa hivi ninamjibu hivi: "Ametutangulia, Baba Chiriku. Yuko salama." Siichagui maana. Kuna asubuhi anafikiri ametangulia tu shuleni, anasema "haya", anakunywa chai yake. Sitii neno juu yake. Tena sweta nimelipeleka kanisani pamoja na nguo nyingine za mtoto, limeshapata mtoto wa kulivaa, na saa ya watoto kutoka shule Bibi Redio anampa kazi ya kumkatia mboga, akiwa amegeuzia dirisha mgongo. Na kuna asubuhi ananitazama usoni, anaweka kikombe chini, anauliza, "Ametangulia wapi?" Hapo nakaa. Hata kama nimechelewa kazini, nakaa kwanza. Namwambia yote. Akilia ninalia naye. Akiuliza kama tulichelewa, najibu kama nilivyojibu siku ile.

Lakini siwezi kusema "yuko salama" kama siamini. Nilijaribu. Ananijua mno, anasikia sauti ikiwa tupu. Kwa hiyo kabla hajaamka inanibidi nikae kitandani nimuulize Mungu kama ni kweli, mpaka niwe na cha kumpa mwenzangu mezani. Siku nyingine napata kidogo tu, kipande kinachotosha chai ya siku hiyo. Nakwenda nacho hicho hicho.

Usidhani nimepona, Wifi. Juzi nilikuwa nanyoosha gauni la mtoto wa mteja, la ukubwa ule ule, na hasira ikanipanda upya, nikajikuta nasema peke yangu, "Wewe ulisema tusubiri." Nikazima pasi. Nikatoka nje nyuma ya duka, nikakaa juu ya kreti la sabuni mpaka ikashuka. Bosi alikuja, akaniona, akarudi ndani kumalizia gauni lile mwenyewe, akalitia mikunjo hata mteja amelirudisha. Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyo. Ninamkumbuka mtoto wangu kila saa. Sauti yake imeanza kunipotea, yeye aliyekuwa hanyamazi, na hilo linaniuma kuliko vyote. Kaka yako bado anayo. Wakati mwingine ananiigizia jinsi mtoto alivyosema jana, hiyo jana yake, na ninasimama kimya nisikose hata neno.

Daktari amesema tusitegemee mabadiliko. Nimeacha kumwomba Mungu amrudishie ile miaka. Niliiona ile miaka. Ninamwomba tu nguvu ya siku moja moja.

Sasa kuhusu Desemba. Njoo, tafadhali. Anakuuliza kila siku, na ukija hutachosha, maana kila asubuhi utakuwa umefika leo. Atakwambia umenenepa, usinune. Atataka kukuonyesha paa la kanisa ambalo anadhani alilipaka wiki iliyopita. Litazame ulisifie, kazi ni nzuri kweli. Mapacha waambie mapema asije akawakana wakaumia.

Na atakuuliza juu ya Chiriku. Haikosi. Atakuuliza mezani, akiwa na kikombe mkononi, kwa furaha, kama anayekuuliza habari za safari. Usinitazame mimi. Usikimbilie jikoni. Lia huko huko kabla hujaja, lia kwenye ndege, ukifika uwe umeshalia. Kisha kaa chini, umshike mkono, umwambie unachokiamini. Kama siku hiyo huamini, mwambie aniulize mimi, nami kama siku hiyo siamini, tutakaa naye wote wawili tukiwa kimya, mpaka mmoja wetu aweze.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie koti alilotuma linamkaa kaka yako vizuri mabegani. Wasalimie mapacha, waambie mjomba wao anawapenda kwa umri wowote. Yule shangazi yetu mdogo aliye mji wa jirani na wewe, ukimpigia mpe salamu zangu, na umwambie sijakasirika kwamba hakuja mazishini. Nilikasirika, sasa basi. Bibi Redio anakusalimu, anasema umletee betri za kutosha.

Bwana akulinde ukitoka na ukiingia, alitazame goti lako, aitunze nyumba yako, na akupe na wewe nguvu ya siku moja, na kesho akupe nyingine.

Namsikia ameamka. Anamuuliza Bibi Redio kama mtoto amerudi. Acha niende.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa moyo wote uliobaki,

Mama Chiriku